Mota Ilikuwa Nzima

Bariadi,
Jumamosi, saa kumi jioni.

Mwanangu Minza,

Sianzi kwa kukuuliza kama hujambo, kwa sababu nakusikia. Uko hapo nje ya dirisha langu unapeta mahindi ya yule mama wa Migato, na kila ungo unapogonga goti lako najua umebakiza kidogo kumaliza. Kati yetu kuna ukuta wa tofali moja. Mtu mwingine angetoka nje akakaa kwenye kigoda na kusema anachotaka kusema. Mimi nimechukua daftari la Fizikia nikachana karatasi za katikati.

Hii ni mara ya kwanza nakuita mwanangu. Nimelifuta neno hilo mara tatu, ukiangalia utaona karatasi imechubuka. Mimi nina miaka kumi na saba na wewe kumi na minne. Tumechunga mbuzi pamoja, na mara nyingi wewe ndiye uliyewarudisha wote huku mimi nikiwa nimekaa kwenye jiwe na kitabu. Lakini siku ya kumaliza matanga ya baba yako, kaka yangu Sayi, wazee wa ukoo walinisimamisha katikati ya watu. Mmoja akasema, "Kwetu mdogo wa marehemu ndiye baba wa watoto wake. Tangu leo Minza ni mwanao. Umesikia?" Nikajibu kwamba nimesikia, kwa sauti ndogo mno, hata yule mzee akasema, "Sisi hatujasikia kama umesikia." Watu wakacheka, matangani. Wewe hukucheka. Ulitoka kwa wanawake ukaja kusimama nyuma yangu, nikaona aibu kwamba mtoto ndiye anayemsimamia baba.

Tangu siku hiyo umeniita baba mdogo bila kukosea hata mara moja, hata tukiwa wawili tu. Mama yako naye ananiita baba Minza, na siku zote nimeshindwa kujua anatania au anakumbusha.

Kesho asubuhi sengi, shangazi yako, anakuja kukuchukua uende kukaa kwake Ipililo. Najua mzazi akimwandikia mtoto anayeondoka huandika maagizo: heshimu wakubwa, jitunze, amka mapema. Sitakuandikia hayo. Umeamka kabla yangu kila siku tangu nikujue. Nina jambo moja tu, nalo nimelibeba wiki sita.

Mota ilikuwa nzima. Hukuiunguza wewe wala mtu mwingine yeyote. Mashine ilisimama kwa sababu yangu.

Sasa nimeshaandika, na nitaeleza yote kwa utaratibu, maana nisipoeleza kwa utaratibu nitatafuta pa kujificha.

Unakumbuka jinsi baba yako alivyoipata mashine ile ya kusaga. Kiwanda cha kuchambua pamba kilipopunguza watu, yeye fundi wa miaka mingi akarudi nyumbani na kisanduku cha spana na malipo ya kuachishwa. Wenzake walinunua ng'ombe. Yeye alisema mambo sasa ni ruksa, kila mtu anaweza kufungua mashine yake, wala haihitaji tena kuwa ya kijiji au ya ushirika. Akanunua mota kutoka kwa mfanyabiashara wa Mwanza, akachomelea mwenyewe kiti chake cha chuma, akavuta umeme wa nyaya tatu mpaka kwenye kibanda. Akafunga ukutani lile sanduku la chuma lenye mkono wa kuwashia na kuzimia, na ndani yake fyuzi tatu za kigae cheupe, moja kwa kila waya. Wewe ulikuwa unamshikia taa. Mimi nilikuwa ndani nasoma.

Nalisema hilo si kwa kujidharau. Ndivyo ilivyokuwa. Kila mtu hapa nyumbani alikubali kwamba mimi ni wa vitabu na wewe ni wa mashine, na mimi nililipenda jambo hilo kwa sababu lilinipa kisingizio cha kutochafuka mikono.

Siku moja kabla ya mashine kusimama, fyuzi ndogo ya taa za nyumba iliungua. Nilikuwa na mtihani wa Fizikia kesho yake, na kitabu nilikuwa nimeazimwa na mwenzangu kwa siku mbili tu. Kulikuwa kumeanza kuingia giza. Nilitafuta waya wa fyuzi kwenye kisanduku cha baba yako nikakosa. Hapo nikakumbuka kwamba kwenye sanduku la mashine kuna waya mzuri, mnene. Nikaenda kibandani, nikashusha mkono, nikachomoa kigae cha tatu, cha kulia. Nikautoa waya wake, nikakata kipande kwa ajili ya taa yangu. Kilichobaki kikawa kifupi, hakifiki. Basi nikachomoa uzi mmoja wa shaba kwenye waya mbovu wa redio, mwembamba kama unywele, nikaufunga mahali pake. Nikajiambia nitarekebisha kesho nikitoka shule. Nikarudi ndani, taa ikawaka, nikasoma.

Unajua nilisoma nini jioni ile? Nilisoma sura ya umeme. Kulikuwa na swali la kueleza kazi ya fyuzi, nami nililijibu lote kichwani bila kukosea.

Kesho yake nimefanya mtihani, nimerudi nimefurahi, na waya nimeshausahau kabisa. Nikakuta watu wamejaa mlangoni. Mama yako alikuwa amewasha mashine mara ya kwanza siku hiyo, kwa sababu asubuhi mlikuwa shamba. Mota inaunguruma, haizunguki. Wanawake wamekaa juu ya mizigo yao. Yule mama mnene mwenye kicheko, anayeuza vitumbua stendi, aliniona na sare akapaza sauti.

"Mpisheni! Mwenye elimu amekuja. Mayu, mama Minza, watoto wetu watakula leo."

"Baba Minza," mama yako akasema, "hebu iangalie. Inalia tu."

Nilipaswa kusema sijui. Hilo ndilo neno lililonifaa mchana ule, nami nalijua kwa lugha tatu. Lakini watu walikuwa wananitazama, na mimi watu wakinitazama huwa nafanya moja kati ya mambo mawili: ama ninyamaze, ama nizungumze kama kitabu. Nikasema tuiwashe tena niisikilize. Nikaupandisha mkono nikaushikilia pale huku mota ikinguruma, nikihesabu sijui nini. Wewe ndiye uliyenyoosha mkono mbele yangu ukaushusha.

"Baba mdogo, inanuka," ukasema.

Nami nikawageukia wale wanawake nikawaambia, "Mnaona? Inanuka. Koili zimeungua, zile nyaya zilizosukwa ndani."

Ilinuka kwa sababu niliishikilia. Ungechelewa kidogo tu, kweli ingeungua, na ningekuwa nimeiharibu mashine mimi mara ya pili.

Halafu ukasema jambo ambalo nimelisikia kichwani kila siku tangu hapo. Ulilisema polepole ili wageni wasisikie.

"Baba alikuwa anaanzia pale kwenye sanduku. Ikilia hivi alikuwa anachukua bisibisi ya testa, anagusa moja, mbili, tatu, aone kama inawaka."

"Minza," nikasema, "mota ikiunguruma bila kuzunguka ni koili. Ipo kitabuni."

Sikuipaza sauti, lakini niliisema kwa namna ya kukufunga mdomo mbele ya watu, na ulifunga. Mtoto hambishii baba yake. Ulinipa heshima ile ile niliyopewa matangani, nami nikaitumia kama kifuniko cha sufuria.

Mama yako akauliza nini kimeiunguza. Hapo ndipo nilipofanya kosa baya kuliko yote, na nataka uliangalie vizuri, kwa sababu lile la fyuzi lilikuwa uzembe na hili halikuwa uzembe. Niliinamia mdomo wa mashine nikachota mahindi. Yalikuwa na unyevu, ya yule mzee aliyenyeshewa njiani. Nikauliza, "Nani aliyejaza haya?"

"Mimi," ukasema.

"Basi mzigo umeizidi mota."

Sikusema Minza ameiunguza. Nilisema mzigo umeizidi. Lakini niliona jinsi macho yote yalivyohama kutoka kwangu kwenda kwako, na sikiliza vizuri, mwanangu, nilisikia nafuu. Yule mama wa vitumbua akapiga kofi na kusema, "Haa! Kumbe ni huyu binti. Mikono mizito kama ya babu yake!" Wakacheka. Nami nikatabasamu.

Tukaishusha mota siku iliyofuata. Kwa kweli uliishusha wewe. Mimi nilikuwa na kalamu. Nilikuambia fungua hapa, fungua pale, huku ukijua zaidi yangu kwamba ni lazima kwanza ulegeze boliti mbili za nyuma, mota isogee, mkanda ulegee utoke wenyewe bila kuulazimisha. Nati moja ilikuwa imeshika kutu. Mimi nilitaka kuigonga na nyundo. Wewe ukaimwagia mafuta ya taa, ukaenda ukachambua mchicha, ukarudi, ikafunguka. Nilipotaka kuchomoa waya wa umeme kwenye mota, uliniomba ningoje. Ulichana kanga kuukuu vipande sita: viwili vyekundu, viwili vyeupe, viwili vyeusi. Ukafunga kila waya kitambaa chake, na kila mahali ulipotoka kitambaa cha rangi hiyo hiyo.

"Za nini hizo?" nikakuuliza.

"Zisipotee njia ya kurudi."

Nilicheka. Nilisema unaipamba kama bibi harusi.

Mama yako aliuza mbuzi wawili ili niende Mwanza kwa mafundi wa kusuka mota. Ulinisaidia kuifunga kwenye baiskeli mpaka stendi, na ulipoiinua kuipandisha garini niliona umefumba macho, maana ilikuwa ya baba yako. Ukaniambia, "Safari njema, baba mdogo. Waambie waangalie na beringi." Basi.

Yule fundi alikuwa mtu mzima, kifua wazi, mikono yake inanukia vanishi. Niliingoja zamu siku nyingi, nikilala kwa jamaa yetu. Siku ya zamu yangu hakuifungua. Aliiweka juu ya benchi, akashika nyaya zake tatu, akawasha. Mota ikazunguka. Ilizunguka vizuri kabisa, Minza, kimya, kama siku ile baba yako alipoiwasha mara ya kwanza akaweka kikombe cha chai juu yake kutuonyesha kwamba haitetemeki.

Fundi akaizima akanitazama.

"Kijana, umetoka nayo wapi?"

"Bariadi."

"Umemleta mgonjwa asiyeumwa. Nani alisema imeungua?"

Nikaanza kukunja kamba niliyoifungia.

"Fyuzi mliangalia? Hii inataka nyaya tatu zote. Ukikosa mmoja inabaki kunguruma tu. Hata mke wangu anajua."

Mafundi wenzake walicheka, na mimi nikaiona ile jioni yote mbele yangu: kigae cha kulia, uzi wa redio, taa yangu inawaka. Halafu nikamwuliza yule fundi swali ambalo sidhani kama aliwahi kuulizwa. Nilimwuliza kama anaweza kuipaka rangi.

"Rangi ya nini?"

"Ionekane imetengenezwa."

Aliacha kucheka. Akasema, "Nyumbani kwenu kuna mtu unamwogopa?" Nikasema hapana. Ilikuwa kweli, simwogopi mtu yeyote hapo nyumbani kiasi hicho. Niliogopa tu kuonekana. Akachukua brashi na rangi ya kijani iliyobaki kwenye kopo, akaipaka haraka haraka bila kuifuta vumbi, na hakutaka malipo. Alisema kazi ya namna hiyo hana bei yake.

Niliporudi niliwatoa wote kibandani. Nilisema nahitaji utulivu. Nilifungua sanduku nikakichomoa kigae cha tatu. Kilikuwa na doa jeusi, na ule uzi haukuwepo kabisa. Niliweka waya unaofaa, nilioununua Mwanza. Halafu nikaufunga umeme kwenye mota, na hapo nikagundua kwamba sikuandika popote waya upi unaenda wapi, mimi mwenye kalamu. Nilifuata vitambaa vyako. Chekundu kwa chekundu, cheupe kwa cheupe, cheusi kwa cheusi. Mashine iliwaka mara ya kwanza ikazunguka upande unaotakiwa, bila hivyo ningeweza kuizungusha kinyume mbele ya watu wote.

Wakapiga vigelegele. Bibi yako akanishika kichwa kwa mikono miwili akasema, "Wabeja, ng'wana wane, wabeja." Ananishukuru mimi, mwanawe, mimi. Nami nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Wewe ulikuwa umechuchumaa karibu na mota, unaitazama. Watu walipopungua ukaniambia bila kuniangalia, "Baba mdogo, wamepaka rangi juu ya vumbi." Na baada ya muda: "Na juu ya boliti za kifuniko. Hazijafunguliwa."

Nilijibu nini? Nilisema mafundi wa Mwanza wana njia zao.

Basi ulijua. Ulijua tangu saa ile, na ulibaki unaitwa mwenye mikono mizito, na hukusema. Nimejiuliza kwa nini. Nadhani ulikuwa unaningoja mimi niseme. Umeningoja wiki sita.

Yaliyofuata unayajua. Katika siku zile mashine ilipolala, wateja walihamia kwenye ile mpya ya sokoni, ya yule tajiri anayenunua pia pamba kwa mizani yake mwenyewe, na wengi hawakurudi. Bibi alituita akasema mashine imeingia mkosi, na kwamba binti huyu ni mwema lakini hana mkono wa chuma, afadhali aende kwa shangazi yake akalime na kulea watoto, kibandani tutafute kijana wa kuajiri. Mama yako alilia kidogo. Bibi akanigeukia.

"Wewe ndiye baba. Unasemaje?"

Neno moja langu lingetosha, maana kwa desturi mtoto hatolewi nyumbani bila baba yake kukubali. Ulikuwa umekaa karibu na mlango, miguu umeikunja chini ya kanga. Ulinitazama mara moja tu.

Nikasema, "Sawa, mama."

Nimesoma vitabu vingi kuliko mtu yeyote wa nyumba hii, na neno langu la kwanza la ubaba lilikuwa hilo.

Nitakuambia na jambo hili, ingawa ni dogo. Wiki iliyopita yule mwenzangu aliniazima tena kile kitabu. Nilikwenda moja kwa moja kwenye ile sura. Maneno ya mota inayonguruma bila kuzunguka yako chini kabisa ya ukurasa, na mojawapo ya sababu ni koili. Nikageuza ukurasa. Juu kabisa ya ule wa pili imeandikwa kwamba kabla ya kuigusa mota, hakikisha kwanza umeme unafika kwa nyaya zote. Kilikuwa kinasema maneno yale yale uliyosema wewe, na ya baba yako na bisibisi yake. Sikuwa nimegeuza ukurasa. Nilidhani nikishajua nusu na nikaisema vizuri, hiyo nusu nyingine itajazwa na jinsi watu wanavyonitazama. Sikuambii hili liwe fundisho kwako. Wewe hukuwahi kuwa na ugonjwa huu. Nakuambia ili siku ukikutana na mtu anayesema haraka na kwa maneno mazuri, hata awe baba yako, ukumbuke kwamba inawezekana hajageuza ukurasa, na usiufunge mdomo wako.

Leo mchana nilikwenda kwa mama yako. Alikuwa anashona chekeche lililotoboka. Nilisimama mlangoni mpaka akasema, "Baba Minza, ama uingie ama utoke, unanizibia mwanga." Nikaingia nikamwambia. Nilimwambia yote, fyuzi, rangi, fundi kukataa malipo, kila kitu, nikitazama kidole gumba cha mguu wangu. Nilipomaliza aliendelea kushona. Nilihesabu mishono saba.

"Kwa hiyo nimemfokea mwanangu wiki sita kwa maneno yako," akasema.

"Ndiyo, shemeji."

"Na yeye anajua?"

"Nadhani anajua."

Alikata uzi kwa meno. Kwa mara ya kwanza hakuniita baba Minza. Aliniita kwa jina langu. "Mhoja, mwambie yeye kwanza. Usianze kwa bibi, wala kwa sengi wake. Mwanzo alisikia jambo hili mbele ya watu, safari hii alisikie kabla yao. Halafu kesho utawaambia wengine, na mimi nitakuwepo kukutazama."

Ndiyo maana naandika sasa, na ndiyo maana barua hii nitakupa jioni hii, na si kesho uisome njiani ukiwa huwezi tena kufanya kitu. Sitaki iwe barua ya kunipunguzia mzigo mimi huku wewe ukipanda gari.

Kesho sengi akifika watakaa, watakula, halafu atauliza kama ilivyo desturi, "Baba wa mtoto yuko wapi? Anamtoa?" Kila mtu atanigeukia. Nimejizoeza tangu mchana. Nitasema kwamba simtoi. Nitasema kwa nini. Bibi atakasirika, najua, na atasema mwanamume hasemi sawa leo na kesho akasema siyo sawa. Sengi amesafiri kutoka Ipililo, atasema nimemchezea. Na wanawake wa kusaga, habari ikifika kwao, wataitengenezea wimbo, hasa yule wa vitumbua. Waache. Mikono mizito ilikuwa yangu.

Ukitaka kwenda, kwa sababu umetuchoka, na ungekuwa na haki ya kutuchoka, basi utakwenda kwa kupenda kwako, na jina lako likiwa safi. Ukitaka kubaki, kibanda hakiajiri mtu. Kina mwenyewe. Ndani ya bahasha utaona ufunguo wa lile sanduku la chuma. Ulikuwa mfukoni mwangu tangu siku ya rangi, nikiogopa mtu asije akafungua akaliona lile doa.

Nimebakiza jambo moja na ni gumu kuliko yote kuliandika. Unanijua. Unajua sauti yangu inavyokuwa watu wakiwa wengi. Inawezekana kesho, sengi akiuliza, nikafungua kinywa na kisitoke kitu, au, Mungu anisamehe, kikatoka tena lile "sawa". Ikiwa hivyo, usininyamazie kwa heshima. Nimekufunga mdomo mara moja kwa neno baba, na kwa neno hilo hilo naufungua. Simama, utoe karatasi hizi, uzisome kwa sauti mbele yao wote, kuanzia pale nilipoandika kwamba mota ilikuwa nzima. Mwandiko wangu wanaujua. Kila ukurasa nimetia sahihi chini, ili mtu asiseme umetunga.

Ungo umenyamaza huko nje. Umemaliza lile debe. Nasikia unakung'uta kanga yako, sasa utapita hapa dirishani kwenda kibandani, na nikichelewa kukunja barua hii nitapata sababu ya kungoja mpaka kesho.

Natoka kukupa.

Ni mimi baba yako, niliyechelewa,
Mhoja